Kitanda Kisichopoa

Mfuko ule ulishuka saa tatu asubuhi kwa lifti ya nguo chafu, kama inavyoshuka mizigo yote ya hospitali ile. Shuka za waliofariki hazichanganywi na za wagonjwa. Hufungwa peke yake kwenye mfuko wa kijani, na juu yake hubandikwa karatasi yenye jina, wodi na tarehe, ili ikitokea hereni au pete imesahaulika kwenye mikunjo, irudishwe kwa wenyewe. Kazi ya kufungua mifuko hiyo ilikuwa ya mwanamke mmoja tu, maana wenzake walishakataa katakata. Walimwita Dobi. Ndiyo, chumba kizima cha mashine kilikuwa cha madobi, lakini yeye ndiye jina lililomganda, pengine kwa sababu lile la kwake halisi liliwashinda kutamka.

Dobi akavaa glavu, akavuta mfuko, akasoma karatasi. Akaisoma tena. Akavua miwani, akaifuta kwenye aproni, akaivaa, akasoma mara ya tatu. Jina lilikuwa lake.

Usidhani ni jina la kufanana. Lilikuwa lake lote, majina matatu, la kwake na la baba na la babu, na chini yake tarehe ya kuzaliwa, nayo yake. Amefariki leo alfajiri, wodi ya dharura. Mashine kumi na mbili zilinguruma nyuma yake kana kwamba hakuna lililotokea. Akafungua mfuko kwa sababu mikono yake ilishazoea kufungua. Shuka za waliokufa hushuka baridi, hilo analijua kila aliyewahi kuzishika. Hizi zilikuwa na joto, joto la kitanda ambacho mtu ametoka kuinuka sasa hivi, na joto hilo Dobi alilijua vizuri kuliko mtu yeyote mjini.

Ngoja nieleze kwa nini.

Dobi alikuwa na chumba kimoja, ghorofa ya nne, dirisha linatazama ukuta. Chumbani mna kitanda kimoja, kiti kimoja, meza ya kuegemezwa maana mguu mmoja ni mfupi, na jiko la umeme la kuchemshia chai. Humo waliishi watu wawili, na hawakuwahi kulala pamoja hata siku moja. Mwenzake aliitwa Fundi. Huko alikotoka alikuwa mshonaji wa kusifika, watu walikuwa wakimletea harusi nzima aishone. Hapa mjini alisugua sakafu za jengo la maofisi, kuanzia jioni hadi alfajiri. Dobi anafua mchana, Fundi anasugua usiku. Mmoja akitoka kitandani, mwingine anaingia.

Walikutana kwenye foleni ya ofisi ya vibali, mwaka ule Dobi alipopata kadi yake ya kibali cha kazi na Fundi akanyimwa ya kwake kwa sababu kampuni iliyomleta ilifungwa. Mmoja alitoka upande huu wa mpaka na mwingine upande ule, mpaka ambao huko kwao ni kijito tu, unakunja nguo unavuka. Ilibidi waje mbali hivi ndipo wajuane. Fundi alikuwa analia mlangoni, hana mbele wala nyuma, na Dobi, mwanamke asiyependa makelele, akamwambia, "Dada, nyamaza. Kadi ninayo moja, na siku ina saa ishirini na nne. Mimi natumia kumi na mbili tu."

Ndivyo ilivyoanza. Aliye kazini anatembea na kadi, aliye nyumbani anakaa na ufunguo. Kila saa kumi na mbili kasoro, asubuhi na jioni, walikutana kwenye ngazi, ghorofa ya pili, wakabadilishana: nipe kadi, chukua ufunguo. Walinzi wa mageti hawakuwa na shida. Wanaangalia kadi, hawaangalii mtu. Kwao wageni wote sura moja, na safari hii dharau yao iliwafaa watu.

Kwa hiyo wakaitana Pacha. Nyuma ya kadi kuna mstari wa kuandika namba ya kupigiwa ukipatwa na jambo. Dobi hakuwa na ndugu mji mzima, akaandika namba ya Fundi, na mbele yake neno hilo hilo, pacha. Fundi alicheka mpaka akashika ukuta. "Pacha wangu," alisema, "mji huu unatuona mtu mmoja. Basi hata kufa tutakufa mara moja tu, tuwabanie!"

Walionana dakika kumi kwa siku, tano asubuhi na tano jioni, lakini mengine yote waliachiana. Fundi alimwachia Dobi chai kwenye chupa. Dobi alimwachia Fundi sabuni ya hospitali, ile kali, alivyoweza kuificha. Fundi alimtazamia nguo zake, kilichofumuka akakishona, kifungo kikilegea akakikaza kwa uzi wa buluu, kila nguo uzi wa buluu, hata nyeupe, maana kibunda hicho cha uzi alikitoa kwao na alikula kiapo hatashona na kingine mpaka kiishe. Dobi alimtania kwamba anamtembeza mjini kama daftari lililosahihishwa. Na kila anayeinuka kitandani alikuwa na sharti moja: afunike kitanda chote kwa blanketi, vizuri mpaka pembeni, ili joto lisitoke. "Nimekutunzia joto," walikuwa wakiambiana ngazini. Kitanda kile hakikuwahi kupoa miaka miwili.

Sasa, alfajiri ya siku ile Fundi hakutokea ngazini. Dobi alisubiri mpaka miguu ikamuuma. Mwishowe akashuka, akamwachia ufunguo Mzee wa Viatu, yule anayeshona viatu chini ya ngazi na ambaye haondoki pale tangu asubuhi mpaka jioni. "Pacha wangu akija mpe," akasema, akaenda kazini bila kadi. Mlinzi akamfungulia kwa mazoea.

Na saa tatu, mfuko wa kijani.

Akili yake ilijua. Moyo ndio uliokataa, ukaanza kutunga. Kadi imeibwa. Mwizi ni mwanamke, mwanamke huyo kagongwa na gari, ndiyo hivyo, Fundi anazunguka mitaani akiogopa kurudi kusema amepoteza kadi. Mjinga wee, Dobi alimkaripia kimoyomoyo, rudi tu, nani atakupiga? Angeweza kwenda kuuliza, chumba cha maiti kilikuwa ukumbi ule ule, milango sita kutoka kwenye mashine. Lakini angekwenda kuulizaje? Samahani, naulizia maiti, jina lake ni mimi? Akajikaza kisabuni, akafua mpaka jioni.

Jioni Mzee wa Viatu alimrudishia ufunguo. "Hakuja mtu," alisema.

"Una hakika, mzee? Hukuinuka hata kidogo?"

"Niinuke niende wapi na magoti haya? Ufunguo ulikuwa shingoni kwangu, kwenye kamba." Halafu akainua macho kutoka kwenye kiatu. "Ila huko juu kuna mtu alikuwa anatembea mchana. Nilidhani umerudi wewe."

Chumba chao kiko juu ya kichwa cha mzee kwa ghorofa nne. Dobi hakumwambia hivyo.

Akapanda. Mlango umefungwa, akafungua. Kila kitu mahali pake. Simu ya Fundi mezani, kwenye chaji, maana kazini kwake simu haziruhusiwi. Blanketi limetandazwa mpaka pembeni. Hilo alilitandaza mwenyewe alfajiri, sawa. Akaingiza mkono chini yake, akautoa mbio kana kwamba ameungua. Kitanda kilikuwa na joto. Hapo katikati, anapolala yeye, palikuwa baridi. Joto lilikuwa upande wa ukutani, pale Fundi alipozoea kujikunja, na godoro limebonyea kidogo.

Kwenye kiti ilikuwepo sare yake ya pili, nyeupe. Jana kifungo chake cha juu kilikuwa kinaning'inia kwa uzi mmoja, alikiona mwenyewe, akakiacha hivyo ili Fundi akikute. Sasa kimekazwa, kimezungushiwa uzi wa buluu, na fundo la mara mbili.

Labda alikishona jana kabla ya kwenda kazini. Labda. Usiniulize mimi, nami nakueleza kama ilivyokuwa.

Simu ya Fundi ikaita. Namba ngeni. Dobi akaipokea huku ameshika ile sare kifuani.

"Habari za jioni. Tunapiga kutoka hospitali. Wewe ni pacha wa..." na yule mwanamke wa upande wa pili akasoma jina, taratibu, majina matatu, kila moja sawasawa. Tangu Dobi afike mji ule hakuna aliyewahi kulitamka vizuri hivyo. "Pole sana. Ndugu yako alianguka kazini leo alfajiri. Moyo. Alifika kwetu amechelewa."

Dobi alikuwa amesimama kwa miguu yake, anapumua, anapewa pole ya kifo chake.

"Unanisikia, dada?"

"Nasikia," alisema.

"Njoo kesho umtambue. Usipokuja, wiki ijayo atazikwa na hospitali kwa jina lililo kwenye kadi yake."

Simu haijakaa vizuri mezani, ikaita tena. Safari hii iliandika Mama. Huyo ni mama yake Fundi, mjane, mwenye mtoto huyu mmoja tu duniani. Dobi akaitazama inaita mpaka ikachoka. Ikaita mara ya pili. Ya tatu. Angesema nini, na kwa sauti ya nani? Usiku ule alilala kitini, na sitaki kuusimulia.

Asubuhi alimwendea Msimamizi wa chumba cha mashine, mwanamke mkali aliyefika mjini miaka ishirini nyuma kwa njia ambazo hazisemi. Dobi alimwambia yote. Msimamizi alisikiliza akikunja mito, hakuacha kukunja.

"Sikiliza wewe," alisema. "Umeazima kadi. Wakijua, umemwaga unga, na juu yake utaondoshwa nchini. Sasa tumia akili. Nenda pale, wewe ni ndugu wa marehemu, weka saini kwamba maiti ni ya mwenye kadi. Watakurudishia vitu vyake, na kadi ikiwemo. Karatasi ya kifo itakaa kwenye rafu ya ofisi ya vibali mpaka ipate ukungu. Hawajui aliye hai wala aliyekufa, hao. Kadi yako ina miaka miwili mbele. Saini, chukua, rudi kwenye mashine."

"Na yeye?"

"Yeye nani? Yeye amekufa, mama. Jina analozikwa nalo linamwasha?"

"Mama yake anapiga simu."

Msimamizi akaweka mto chini. "Simu huzimwa," alisema, lakini hakumtazama usoni.

Milango sita. Karani wa chumba cha maiti alikuwa anakunywa chai, mtu mpole, mwenye sweta lililotoboka kiwiko. "Wewe ni nani wa marehemu?"

"Pacha wake."

Akafungua droo, akatoa mfuko mdogo wa plastiki, ndani yake kadi. Akaangalia picha ya kwenye kadi, akamwangalia Dobi, akatikisa kichwa. "Kweli, mmefanana hasa."

Hata kucheka hakuweza. Wakaingia ndani, karani akafunua shuka. Niseme ukweli: kwa muda wa pumzi moja Dobi alijiona mwenyewe. Paji lake, mdomo wake ulivyojibana anapochoka, mvi zake mbili za juu ya sikio. Akajishika kifuani, akakigusa kile kifungo cha sare aliyoivaa, na alipofumba na kufumbua macho alikuwa ni Fundi, Pacha wake, mdogo kuliko alivyomkumbuka, na kidole chake cha shahada kina sugu ya sindano. Basi moyo ule uliokuwa ukitunga hadithi tangu jana ukanyamaza. Akalia. Alilia kwa sauti, yeye asiyependa makelele, na karani akatazama pembeni.

"Vitu vyake ni hivi tu," karani alisema walipotoka. "Kadi, na hii, ilikuwa imechomekwa kwenye ukosi." Sindano, imetungwa uzi wa buluu. Uzi ulikuwa mfupi, umekatwa kwa meno, kama unavyobaki baada ya kushona kitu kidogo.

Akamsogezea karatasi. Nathibitisha kuwa maiti hii ni ya, halafu nafasi. Mengine yote yalishajazwa. Kadi ilikuwa pale, kando ya kalamu, picha yake inamtazama. Aliitaka kadi ile, tusidanganyane. Aliitaka kwa moyo wote. Miaka miwili ya kuamka gizani ilikuwa ndani ya kile kipande cha plastiki. Alikuwa anaogopa kurudi kwao mikono mitupu, kuulizwa, kuchekwa. Na alijua akisaini tu atatoka pale na kazi yake na chumba chake.

Ila chumba hicho ataingiaje? Kila jioni aingize mkono chini ya blanketi, akute joto la mtu ambaye hajaondoka kwa kuwa hajaitwa kwa jina lake aende? Na kule ng'ambo ya kijito mama anapiga, anapiga, mwaka huu na mwaka ujao, hana kaburi wala habari.

Akachukua kalamu, akaandika jina la Fundi. Majina yake yote matatu, ambayo mji ule haukuwahi kuyasikia hata mara moja.

Karani akasoma. Akasoma na kadi. "Dada, hili silo."

"Ndilo lake."

"Na huyu wa kwenye kadi yuko wapi?"

"Yuko mbele yako."

Karani akaweka kikombe chini. Ukumbini lifti ya nguo chafu ikasikika ikishuka. "Unajua watakachokufanya?" aliuliza, kwa upole, kama mtu anayetaka umpe sababu ya kutosikia.

"Najua."

"Kadi siwezi kukupa tena. Na Jumatatu itabidi uripoti ofisi ya vibali, nitaandika."

"Andika," Dobi alisema. "Sindano naomba."

Jioni Mzee wa Viatu alimkuta Dobi amesimama mbele yake, mwenyewe hajui kwamba amesimama. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo huko juu kimya," mzee alisema. "Siku nzima."

Akapanda, akafungua, akaenda moja kwa moja kitandani. Akaingiza mkono chini ya blanketi, katikati, halafu upande wa ukutani, mpaka pembeni kabisa. Baridi. Kote baridi, baridi ya nyumba isiyo na mtu, kwa mara ya kwanza katika miaka miwili. Akakaa ukingoni, akapiga moyo konde, akachukua simu ya Fundi, akapiga.

"Shikamoo, mama."

Ikajibu sauti ya mbali, ya mtu mzima: "Wewe siye mwanangu."

"Siye, mama. Mimi ni..." akataja jina lake lote, na likatoka vizuri, halikumkwama.

"Pacha!" mama alisema. "Ndiye wewe Pacha. Amekusema mpaka nakujua unavyokunywa chai. Mwenzako yuko wapi?"

Dobi akamwambia. Hakupunguza neno wala kuongeza. Alianguka kazini, jana alfajiri, moyo. Akasikia kule simu ikianguka, akasikia kilio, watu wakija, wakiuliza. Alingoja. Hakukata. Baada ya muda mrefu mama akarudi, anahema.

"Jana alfajiri, unasema?"

"Ndiyo, mama. Jana alfajiri."

"Hapana, mwanangu," mama alisema. "Jana mchana nimeongea naye. Kwa simu hiyo hiyo. Alikuwa na haraka, nikamuuliza haraka ya nini, akasema anamalizia kifungo chako, halafu ajilaze kidogo, kitanda kisije kikapoa kabla hujarudi. Kisha ikakatika. Ndiyo maana jioni nikapiga mara tatu."

Dobi alibaki na simu sikioni mpaka mama alipoaga. Kisha akainuka, akalishika blanketi kwa mikono miwili, akakifunika kitanda chote, vizuri, mpaka pembeni.